Kabla ya Sindano ya Uso, Tuelezane kwa Kiswahili

Muhula uliopita, jioni moja baada ya kikao chetu cha tafsiri, shangazi wa mwanachama mwenzetu aliingia chumbani akiwa na bahasha mkononi. Chai ilikuwa imeshamiminwa na tulidhani amekuja kumchukua mwenzetu waende zao. Kumbe sivyo. Alikaa, akatoa karatasi nne zilizoandikwa Kiingereza kwa herufi ndogo, akazitandaza mezani.

"Wanangu," akasema, "nyinyi ndio wasomi wa lugha. Nisomeeni hii, mnambie natakiwa kutia saini kitu gani."

Ilikuwa fomu ya ridhaa. Kliniki moja ya urembo ilikuwa imempa miadi ya kuchomwa sindano za usoni, zile zinazosemwa kuwa zinaamsha kolajeni na kuirudisha ngozi ujanani. Shangazi ni mtu wa Unguja, na amekaa hapa Uingereza zaidi ya miaka ishirini. Anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na Kiingereza cha kazini na cha dukani anakijua vizuri. Kiingereza cha fomu ile kilimshinda. Tukiri kwamba kilitushinda na sisi, wakiwemo wenzetu ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa. Kuyasoma maneno tuliweza. Kuyasema kwa Kiswahili, mbele ya mtu anayesubiri jibu kuhusu uso wake mwenyewe, hatukuweza.

Makala haya yametokana na jioni ile, na maoni yetu tunayatanguliza. Sindano hizi si uchawi wala si utapeli, zinafanya kazi. Lakini zinafanya kazi kwa kuuchokoza mwili ujitibu, na mwili ukishachokozwa hauambiwi basi. Mtu ambaye hakuelezwa hayo kwa lugha anayoielewa hajaridhia kitu, hata akitia saini mara kumi. Na sisi wa klabu hii, tunaojiita watu wa Kiswahili, tuna deni katika jambo hili.

Tuanze na kolajeni yenyewe. Ni protini, na ndiyo inayoshikilia ngozi, kano, gegedu na mifupa. Mpishi wa makongoro anaijua hata kama hajui jina lake: supu ikilala ikaganda kama jeli, kilichoganda ni kolajeni iliyopikika ikatoka kwenye ngozi na kano za miguu ya ng'ombe. Katika uso wa mtu, kolajeni imesukwa chini ya tabaka la juu la ngozi mithili ya ukili wa mkeka. Wasukaji ni seli ziitwazo fibroblasti. Tangu miaka ya ishirini na kitu ya umri wetu wasukaji hao huanza kupunguza kazi. Hukadiriwa kwamba tunapoteza asilimia 1 hivi ya kolajeni ya ngozi kila mwaka. Kwa wanawake, hedhi ikikoma, mambo huenda mbio zaidi: karibu asilimia 30 hukadiriwa kupotea katika miaka 5 ya mwanzo. Jua huharakisha uharibifu huo, na sigara nayo vilevile. Juu ya hayo, mafuta ya mashavu hupungua na mifupa ya uso husinyaa, ndiyo maana uso hubonyea pamoja na kupata makunyanzi.

Sindano za uso ziko za aina mbalimbali, na hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Botox hulegeza misuli ili isikunje ngozi. Jeli ya asidi ya haialuroniki hujaza pale palipobonyea, kama mtu anayeongeza sufi kwenye mto, na matokeo huonekana siku hiyohiyo. Sindano aliyoandikiwa Shangazi ni ya aina ya tatu. Ndani yake mna chembechembe za asidi ya polilaktiki, ambayo ni jamaa ya nyuzi za upasuaji zinazoyeyuka zenyewe. Unga wake huchanganywa na maji, ukachomwa ndani ya ngozi au chini yake. Siku ya kwanza uso hujaa, lakini ni maji tu. Baada ya siku chache maji hunyonywa, mashavu hurudi yalivyokuwa, na mwenye uso hudhani ameibiwa.

Kazi yenyewe ndiyo kwanza imeanza. Mwili huziona zile chembechembe kuwa ni wageni. Seli za ulinzi, makrofaji, huzizingira zikajaribu kuzimeza. Katika purukushani hiyo fibroblasti huitwa, nazo hufanya kile zinachofanya kila penye jeraha: husuka kolajeni mpya kuzunguka kila chembe. Polepole chembe humeng'enyuka ikawa asidi ya laktiki, ileile inayotoka katika misuli ya mtu anayekimbia, na mwisho hutoka mwilini kama maji na hewa ya kaboni. Kolajeni iliyosukwa hubaki. Kwa kawaida huhitajika vipindi kama vitatu, kila kimoja wiki kadhaa baada ya kingine. Mabadiliko huonekana baada ya wiki hadi miezi, na yanaweza kukaa miaka miwili au zaidi. Ziko pia sindano za kalsiamu haidroksilapatiti, madini ya jamii ileile inayojenga mifupa na meno yetu, zenye vijitufe vya maikromita 25 hadi 45 ndani ya jeli. Hizo hujaza papo hapo na kuchochea usukaji baadaye.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Huo ndio ufupi wa sayansi yake: jeraha dogo lililokusudiwa, na matengenezo yanayofuata.

Baadhi ya wenzetu, tulipofika hapo, walianza kunong'ona. Mmoja alisema waziwazi kwamba huo ni ubatili. Bibi zetu walijisinga kwa liwa na singo, wakazeeka kwa heshima zao. Tunaheshimu liwa. Lakini liwa na singo hulainisha na kunukisha ngozi ya juu, hazisuki kolajeni chini yake, na hata hao bibi zetu hawakujisinga ili wachukize. Walitaka kupendeza. Anayeona kuna suala la dini amuulize mwanachuoni wake. Hakuna aliyetuuliza sisi kama Shangazi apendeze au asipendeze. Tuliulizwa fomu inasema nini.

Naye hakuwa akitafuta usichana. Alituambia sababu bila kuulizwa. Miaka miwili nyuma aliugua, akakonda, akapona. Uzito ulirudi mwilini lakini mashavuni haukurudi. Alipokwenda Unguja harusini, watu walimpa pole. Wengine hawakumpa pole, walimtazama tu kisha wakatazamana. "Sitaki kuwa kigori," alisema. "Nimechoka kuulizwa kama naumwa."

Kauli hiyo ilitukumbusha historia ambayo vipeperushi vya kliniki haviitaji. Marekani ilipoidhinisha sindano ya asidi ya polilaktiki mwezi Agosti 2004, haikuiidhinisha kwa ajili ya warembo. Iliidhinishwa kwa watu wanaoishi na VVU ambao mafuta ya mashavu yao yalikuwa yameyeyuka. Kuyeyuka huko kulitokana hasa na baadhi ya dawa za mwanzo za kupunguza makali ya virusi, ikiwemo stavudini. Dawa hiyo ilikuwa nafuu, ikaokoa maisha ya watu wengi Afrika, nyumbani kwetu Afrika Mashariki ikiwemo, na ikawaachia wengi wao uso uliobonyea. Mtu aliyekuwa ameficha siri yake kwa miaka alisomwa shavuni na jirani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane na stavudini hatua kwa hatua. Hapa Uingereza baadhi ya wagonjwa walipata sindano za kujaza mashavu kupitia kliniki zao za umma. Kule kwetu, kwa bei yake, hakikuwa kitu cha kliniki ya wilaya. Mwaka huohuo wa 2009 Marekani iliruhusu sindano hiyo itumiwe na watu wazima wasio na maradhi, kwa mikunjo ya uso.

Kwa hiyo anayesema sindano hii ni upuuzi wa matajiri hajui ilikotoka. Ilianza kwa kuwarudishia watu uso usiowasengenya. Haja ya Shangazi haiko mbali na hiyo.

Sasa turudi kwenye fomu. Ukurasa wa tatu uliorodhesha madhara. Kuvimba na kuvilia damu kwa siku kadhaa ni kawaida. Vinundu vigumu chini ya ngozi vinaweza kutokea wiki au miezi baadaye, na ndiyo maana mgonjwa wa asidi ya polilaktiki huambiwa auchue uso dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5. Kuna uvimbe sugu unaotokea mwili unapogoma kuwazoea wale wageni. Kuna maambukizi. Na kuna jambo la nadra lakini la kutisha: sindano ikiingia katika ateri, damu huzibwa, na ngozi yaweza kufa au jicho likapofuka.

Katikati ya orodha hiyo palikuwa na neno moja lililotukalisha robo saa nzima. Kwa Kiingereza lilikuwa na maana kwamba tendo haliwezi kurudishwa nyuma. Mwenzetu mmoja akaandika "ya kudumu". Mwalimu aliyekuwa akisahihisha madaftari pembeni akainua kichwa, akasema hapana, kwani matokeo yenyewe hufifia baada ya miaka. Mwingine akapendekeza "isiyotenguka". Shangazi akauliza tofauti iko wapi. Tukamweleza kwamba jeli ya haialuroniki ikikaa vibaya, daktari anaweza kuchoma kimeng'enya cha hialuronidasi ikayeyuka. Hii ya kuamsha kolajeni haina kiyeyushi chake. Likitokea kosa, ni kungoja, kuchua, kutibu uvimbe, pengine kukata.

"Ahaa," akasema. "Kama chumvi kwenye mchuzi. Ikishaingia huitoi tena, unangoja mchuzi uishe."

Hakuna kamusi iliyotupa tafsiri bora kuliko hiyo.

Lililotushtua zaidi lilikuwa ukurasa wa mwisho, kwenye visanduku vya kutia alama. Swali moja lilikuwa la maneno machache: je, una historia ya keloidi? Shangazi alikuwa ameshaambiwa na karani wa mapokezi, kwa simu, kwamba hayo ni maswali ya kawaida na aweke "hapana" kama hana maradhi. Tukamuuliza kama anajua keloidi ni nini. Hakujua. Tukajaribu: kovu linaloota nyama, linalokua likapita ukubwa wa jeraha lenyewe. Akanyamaza. Kisha akasogeza mtandio, akatuonyesha nyuma ya sikio. Palikuwa na uvimbe mgumu, laini kwa juu, mkubwa kama kunde. Ulianza alipotogwa masikio akiwa mtoto.

"Kumbe hili kovu langu lina jina," akasema.

Lina jina, na jina hilo ni zito. Makovu ya namna hiyo hutokea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Maelekezo ya asidi ya polilaktiki yaliyoidhinishwa Marekani yanasema bila kuficha kwamba isitumiwe kwa mtu mwenye historia ya keloidi au makovu yaliyovimba. Shangazi alikuwa mbali na hatari hiyo kwa upana wa kisanduku kimoja. Angetia alama kwenye "hapana" kwa nia njema kabisa, na kwenye karatasi angehesabika kuwa ameelezwa, ameelewa na ameridhia.

Ngozi nyeusi ina mambo yake mengine ambayo fomu ile haikuyagusa. Melanini huikinga na jua, ndiyo maana makunyanzi huchelewa kwetu. Lakini jeraha dogo la sindano linaweza kuacha doa jeusi la miezi. Na mtu anayetumia mkorogo wenye steroidi anapaswa kujua kwamba steroidi ikipakwa muda mrefu hukonda ngozi, kwa kuwa hupunguza utengenezaji wa kolajeni hiyohiyo anayotaka kuinunua. Hapo ni kujaza maji mtungi uliotoboka.

Je, sheria inamlinda mtu kama Shangazi? Kidogo. Botox hapa Uingereza ni dawa ya kuandikiwa; sindano za kujaza uso hazimo katika kundi hilo, na hata asiye daktari wala muuguzi ameweza kuzichoma. Mwaka 2013 Profesa Bruce Keogh aliongoza uchunguzi kwa niaba ya serikali, na ripoti yake ilisema anayefanyiwa mambo haya hana ulinzi kuliko anayenunua kalamu au mswaki. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021 ni kosa katika England kumchoma mtu wa chini ya miaka 18 kwa ajili ya urembo. Sheria ya afya ya 2022 ilimpa waziri uwezo wa kuanzisha leseni, lakini uwezo wa kutunga kanuni si kanuni.

Lakini kuhusu ridhaa yenyewe, kanuni ipo. Katika kesi ya Montgomery ya mwaka 2015, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kwamba daktari anapaswa kuhakikisha mgonjwa anajua hatari zenye uzito, na uzito huo hupimwa kwa macho ya mgonjwa, hasa huyu aliye mbele yake, si kwa mazoea ya madaktari peke yake. Kwa mtu mwenye kovu nyuma ya sikio, neno "keloidi" lilikuwa na uzito kuliko ukurasa mzima wa mengineyo. Hospitali za umma humwita mkalimani. Shangazi, kliniki ilimwambia aje na ndugu anayejua Kiingereza.

Tunajua yatakayosemwa. La kwanza: aliyeishi hapa miaka ishirini ajifunze Kiingereza. Tunajibu kwamba Waingereza watatu waliokuwa mezani pale hawakujua maana ya nusu ya maneno yale. Lugha ya fomu si Kiingereza cha watu. Ni ya mawakili na madaktari, na kila mtu huhitaji mkalimani wake. La pili: Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Tulikuwa nayo yote kabla ya saa tatu usiku: kinundu, kovu lililoota nyama, isiyotenguka, kuzibika kwa mshipa. Tulichokosa ni mazoea ya kuyatumia pale yanapohitajika. Tumeshinda mihula tukifasiri mashairi na hotuba, na karatasi moja ya shangazi yetu ikatutoa jasho. La tatu: kwa nini tusiwaambie watu waachane na sindano? Kwa sababu si kazi yetu, na kwa sababu kwa wengine zinafaa kweli. Tunachoweza ni kusema pia yale yasiyolipiwa matangazo. Jaribio lililofanywa Nambour, Australia, likachapishwa mwaka 2013, lilionyesha kwamba watu wazima waliopaka krimu ya kukinga jua kila siku kwa miaka minne na nusu ngozi zao zilizeeka asilimia 24 pungufu kuliko za wenzao. Dawa ya kupaka ya tretinoini, inayoandikwa na daktari na isiyowafaa wajawazito, imethibitika kuongeza kolajeni katika ngozi iliyoharibiwa na jua. Hizo hatuzisikii sana. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hata kama sindano si kibaya, mbona inatembezwa hivi?

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, muhula ujao klabu itenge vikao viwili, tuandike karatasi moja ya Kiswahili chepesi kuhusu sindano za uso, walimu wetu waisahihishe, na mwenzetu mmoja anayesoma udaktari aipitie. Iwe na maswali ambayo mtu ataingia nayo kliniki: Nani ananichoma, na amesomea nini? Ndani ya sindano mna nini, na ikikosewa inayeyushwa au haiyeyushwi? Nikiona ngozi inabadilika rangi au jicho linafifia usiku, nampigia nani? Umeshawatibu watu wa ngozi kama yangu? Nina kovu hili, litazame kwanza. Pili, tunawaomba walimu wetu wakubali fomu za hospitali ziwe sehemu ya mazoezi ya tafsiri, sawa na riwaya. Tatu, kila mmoja wetu anayeitwa na familia kukalimani kwa daktari ajifunze kusema "neno hili silijui, tuulize." Kubahatisha neno hotelini utaletewa chakula usichokitaka. Kubahatisha kwenye fomu ya ridhaa ni jambo jingine.

Shangazi hakutia saini. Alipiga simu kliniki kuuliza kuhusu kovu lake, akaambiwa mhusika atampigia. Hajapigiwa hadi leo, na amana aliyotanguliza hajarudishiwa. Ameomba miadi kwa daktari wake wa kawaida ili apelekwe kwa mtaalamu wa ngozi, na safari hii ameomba mkalimani. Alhamisi iliyopita alipita tena kwenye kikao chetu, uso wake uleule, akiwa na bakuli la kaimati. Alitaka kujua ile karatasi tumeiandika au bado.

Bado, Shangazi. Wenye maoni tofauti na haya waandike, toleo lijalo lina nafasi. Wenye kalamu na muda waje Alhamisi.